Tupeane uzoefu: riwaya gani ilikufanya upitilize kituo?

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilipanda daladala mjini Dodoma kurudi Nanenane, mkononi nina Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Yasmin, binti aliyeozwa kwa Raza mwenye umri wa kumzaa, amemkimbia mumewe, kwao hawamtaki, Mwajuma ndiye anampokea. Kuinua macho, konda ananiuliza, "Dada, hii ni Ihumwa, wewe unashukia wapi?" Nauli nikalipa upya, vumbi nikala, wala sikujuta. Haya, wewe ipi ilikutenda hivyo? "Ni nzuri sana" haitoshi, sema ilikukuta wapi.

Mdau wa Mpwapwa: Rosa Mistika ya Kezilahabi. Nimeisoma mara mbili na ni kama vitabu viwili. Mara ya kwanza kidato cha pili, bwenini. Marufuku ya kitabu hiki mashuleni ilishaondolewa kitambo, lakini sisi bado tuliisoma kwa kujificha: nakala moja, imevikwa gazeti, juu imeandikwa "Uraia". Tuliruka kurasa kutafuta kule tulikoambiwa kuna mambo. Mwaka jana nimeirudia, sasa nina mabinti wawili. Nikakwama mwanzoni tu, pale Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemnyang'anya mkubwa wangu simu, nikasoma meseji zote, nikafoka mpaka jirani akagonga ukuta. Zakaria ni mlevi, mimi hata bia sigusi, lakini nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje. Asubuhi nikamrudishia simu. Mpaka leo ananisalimia kwa shingo upande.

Mdau wa UDOM: Nagona, ya huyohuyo Kezilahabi. Nimeianza mara tatu, imenishinda mara tatu. Nisameheni.

Mleta mada: Umesamehewa. Isome kama unaota, usitafute nani kaenda wapi.

Mdau wa Kongwa: Mbukwenyi! Yangu ni Kikosi cha Kisasi ya Musiba, ile ya mpelelezi Willy Gamba. Babu alikuwa haoni tena, kila jioni nikawa namsomea kwa koroboi. Alikuwa na maswali yake: "Huyu Willy Gamba tangu asubuhi amekula nini?" Nikisema haijaandikwa, anaguna, "Atawezaje kupigana na njaa?" Basi nikawa namlisha Willy ugali na mlenda humohumo kwenye hadithi. Shida ikaja mwishoni: kurasa za mwisho hazikuwepo, nadhani zilifungiwa karanga. Nikatunga. Willy akashinda, akaoa binti wa Kigogo, mahari ng'ombe thelathini. Babu akakaa kimya, kisha akasema, "Thelathini? Wamempiga." Alifariki akiamini hivyo ndivyo ilivyoisha.

Mdau wa Chang'ombe: 😂😂 Mkuu umeniua.

Mimi napendekeza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wengi tulimjua Gurnah alipopata Nobel 2021, tukaishia kushangilia bila kumsoma. Humo kuna Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kufidia deni la baba yake, na yeye anamwita mjomba! Halafu wanaingia bara na msafara. Shuleni misafara tulisomeshwa kutokea pwani. Sisi huku Ugogo tulikuwa watu wa kudai hongo, yaani ushuru wa kupita, na kuuza maji basi. Kumfuata mtoto ndani ya msafara kulinigeuza kichwa. Onyo: haikimbii. Ukizoea Musiba utasinzia kurasa ishirini za kwanza, vumilia.

Mleta mada: Peponi naitafuta. Madukani huku ukiulizia riwaya unaoneshwa vitabu vya kiada.

Mdau wa Kongwa, Kikosi cha Kisasi ninayo nzima, mpaka ukurasa wa mwisho. Jumamosi naenda Kibaigwa kufuata mahindi, nikuletee?

Mdau wa Kongwa: Lete. Ila usiniambie kama ameoa.