Naomba ushauri: mteja wangu huniandikia tu, simwoni wala simsikii

Mshauri wa Langoni: Assalaam aleykum. Mimi ni mshauri nasaha hapa Lamu. Kwa miezi minne nimekuwa nikimhudumia bibi mmoja wa kisiwa jirani kwa maandishi ya WhatsApp pekee, kwa kuwa nauli ya boti humlemea na nyumba yao haina pembe ya kuzungumzia simu bila kusikiwa. Kinachonishinda ni ukimya. Mtu akinyamaza mbele yangu naiona mikono yake na pumzi zake. Akinyamaza kwenye simu sijui kama analia, ameitwa jikoni au mtandao umekatika. Juzi nilimwuliza hali, nikaona "anaandika" kwa karibu dakika kumi, kisha likaja neno moja: "Salama." Nanyi mwajua kwamba kwetu hata aliyefiwa hujibu hivyo. Je, niendelee?

Bint Shela: Waaleykum salaam, kaka. Usimfungie njia aliyoichagua mwenyewe, kwani yako mambo ambayo mwanamke hawezi kuyatamka akitazamwa lakini huyaandika. Mwanasaikolojia John Suler alilieleza jambo hili mwaka 2004, kwamba kutoonekana huwaondolea watu haya mtandaoni. Ila mtu huyo huyo anaweza kufunua mengi usiku, asubuhi akajuta na asikujibu tena. Na swali la salamu hupata jibu la salamu: mwulize alilala saa ngapi, alikula nini, nani alimwudhi.

Msafiri wa Malindi: Hiyo simu ni yake peke yake? Yangu ilisomwa na ndugu yangu, nikaacha tiba. Kubalianeni swali la kufungulia mazungumzo, na jibu lisipokuwa mliloagana, nyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini sheria haimzuii wifi kuichukua simu chini ya mto wa kulalia.

Mzee wa Mkomani: Mwanangu, je, wajua nyumba yake, na jirani wa kumwita? Akiandika maneno ya kujidhuru, usijibu kwa kuandika. Piga simu, na umpe pia namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Mshauri wa Langoni: Shukran sana, nyote. Jana nilimwuliza alilala saa ngapi, akajibu kwamba hajalala tangu Ijumaa. Nikampigia, akapokea kwa kunong'ona. Nyumba sikuwa naijua, Mzee. Sasa naijua, na kesho navuka mimi.