Fundi wa faiba kaniambia mlango wa gari "haufungwi, unasindikizwa"

Wakuu naandika mikono inatetemeka, na mods naomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la magari ukafie huko, uacheni hapahapa watu wa Tanga wauone.

Yule fundi wa faiba, anayetengeneza paneli za milango ya gari za kuwekea spika, mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila mwenye gari lenye mziki kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe kashapita mikononi mwake na nusu yao wanalia kimyakimya. Leo nimemrudishia gari, paneli ya mlango wa mbele kushoto imeng'oka yote, spika inaning'inia kwa waya, jamaa anatafuna muhogo wake wala hakuinuka, ananiangalia ananiambia "kwani wewe ulikuwa unaufunga? Mlango wa faiba haufungwi bosi, unasindikizwa."

Unasindikizwa! Mlango wa gari! Niusindikize mpaka wapi, Segera?

Laki nne na nusu nimetoa, yote, eti rezini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, imepanda bei. Na kazi yenyewe inajulikana inavyofanywa, siyo siri ya serikali: unachonga umbo na duara la spika kwa mbao za MDF, unavuta kitambaa cha flisi juu yake, unakinywesha rezini, ikishakuwa ngumu unageuza nyuma unalaza nyuzi za faiba tabaka mbili tatu, hapo ndo nguvu ya paneli inapotoka. Halafu puti, msasa, unamalizia na leza ya kufunika juu. Yeye nyuzi hakuweka. Hata uzi mmoja! Nimegeuza nyuma naona flisi tupu, sehemu nyingine rezini haikufika kabisa, ukibonyeza inalainika kama biskuti iliyochovywa chai, na kona ya spika kajaza puti nene limepasuka vipandevipande. Klipu za mlango kavunja zote akapachika kwa gundi na skrubu tatu.

Hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, hakupima. Kilo moja ya rezini inataka gramu 10 mpaka 20, na kwa joto letu hili unabaki hukohuko chini, yeye anamimina kwa kizibo cha soda huku anaongea na simu. Paneli ya kulia ikachemka mpaka ikatoa moshi ikapasuka, ya kushoto mpaka leo inanata kwa ndani na gari linanuka macho yanawasha.

Sasa nimeenda kumpokea mama mkwe stendi ya Kange. Mama wa watu kapanda, kafunga mlango kistaarabu kabisa, paneli lote likamdondokea miguuni, ile rezini mbichi ikanasa kwenye baibui. Kaniangalia kasema "mwanangu, gari lako linavua nguo." Njia nzima hakuongea tena.

Nikamweleza fundi hayo yote nikijua ataona aibu. Unajua kasema nini mbele ya vijana wake? "Basi mwambie na mama awe anausindikiza." Mama mkwe wangu! Ausindikize mlango! Vijana wakacheka mpaka mmoja kakaa chini. Hela abaki nayo, mimi nataka mtu mmoja tu humu anielezee mlango unasindikizwaje.

Mzee wa Chuda: Bila picha hii ni hadithi. Weka picha ya paneli na ya muhogo.

dogo_raskazoni: Umelipa yote kabla kazi haijaisha? Mkuu aliyesindikizwa ni wewe.

Kisosora Base: Gari linavua nguo 😂😂😂 nimecheka mpaka wateja wamegeuka. Msalimie sana mama mkwe, huyo ndo mwenye uzi.

Mleta uzi: Chekeni tu. Siku mtu akikuambia mlango unasindikizwa na pesa yako kashakula utanikumbuka.

rezini_na_msasa: Pole kaka. Mimi napiga faiba za boti, ulichosema ni kweli, flisi bila nyuzi nyuma ni ganda tu. Na paneli ya asili alitakiwa aifunike tepu kwanza ndo amwage rezini, isije ikashikana nayo. Ya asili alikurudishia?

Mleta uzi: Nimemwuliza, kasema "ya zamani ya nini tena bosi." Kaiuza huyo!

Jirani wa Mabanda ya Papa: Mshukuru Mungu. Wangu alichukua povu jeupe la kwenye boksi la tivii akalichonga vizuri, akamwaga rezini juu yake, povu likayeyuka tunaliangalia hivihivi. Nikauliza vipi, eti "linajipanga." Mpaka kesho linajipanga.

dogo_raskazoni: Mimi spika alizitumbukiza ndani sana, kioo kikishuka kinagonga sumaku. Natembea vioo juu na AC mbovu, na jua la hapa mnalijua.

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Nyie wanaume mnalilia mlango. Fundi cherehani nimempa kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wangu, harusi imepita, bi harusi anakaribia kujifungua, kitenge hakijakatwa. Kila nikipita ananiambia "dada nimebakiza mikono."

Kisosora Base: Dada huyo si yule anayevaa mwenyewe nguo za wateja? Nimemkuta kwenye maulidi na kanzu ya baba yangu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Huyohuyo!! Na kanzu imemkaa.

Mzee wa Chuda: Cherehani afadhali. Fundi friji kaondoka na kompresa langu "akaipime", simu haipokei, nanunua barafu kwa jirani kila siku.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mlango.

Jirani wa Mabanda ya Papa: Mzee huyo wa friji ana pikipiki ya bluu? Maana na la kwangu analo tangu kabla ya Ramadhani. Kama ndo yeye nicheki PM, twende wote asubuhi kabla hajatoka.