Anayekipa chombo cheti, ndiye akichunguze kikizama?

Mleta mada: Wakuu, juzi nilimsindikiza mama mdogo bandarini hapa Dar, anakwenda Unguja. Mbele yetu dada mmoja ana pacha wachanga, mmoja mgongoni, mwingine kashikwa na mpagazi. Karani akaandika jina la dada peke yake. Nikauliza, na hawa? “Hawana kiti hao, mzee.” Boti ikaondoka na roho mbili zisizo kwenye karatasi.

Spice Islander ilipozama njia ya Pemba, Septemba 2011, idadi ya waliokufa ikawa ugomvi, maana abiria hawakuandikwa wote. Tume ikaundwa, ripoti ikatoka. Miezi kumi baada ya ajali, Julai 2012, MV Skagit ikang'oa nanga hapa hapa Dar ikaenda kupinduka karibu na Chumbe. Chombo cha 1989, kilikuwa kikivusha watu Puget Sound huko Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Huku kikakutana na kusi. Sasa aliyesaini kwamba kinafaa mkondo wa Zanzibar alihojiwa na nani?

Waingereza, baada ya kivuko chao Herald of Free Enterprise kupinduka Zeebrugge, Ubelgiji, mwaka 1987 na kuua watu 193, walianzisha MAIB, ofisi ya kuchunguza ajali za vyombo vya majini tu. Haitoi cheti, haishtaki mtu. Nasi tufanye hivyo.

Baharia Mstaafu: Mkuu, wajuzi wa meli nchi hii tunajuana kwa majina. Ukiwaondoa wakaguzi, utachunguza na nani, mawakili? Halafu chombo hakizamishwi na cheti. Cheti kinasema watu 101, kama cha kivuko MV Nyerere kule Ukara, Ziwa Victoria, 2018, na maiti peke yake zikapita 220. Hapo mkaguzi kakosea nini? Ila nakubaliana nawe kwenye kushtaki. Baada ya ajali ile Rais Magufuli aliagiza wahusika wakamatwe. Baharia gani atamsimulia mchunguzi kilichotokea huku polisi wanamsubiri mlangoni?

Binti wa Mbagala: Kaka yangu baharia, shikamoo, lakini hapo hapana. Shangazi yangu alipanda Skagit, hakurudi. Mnataka mchunguzi asimguse mtu, sisi tuliofiwa twende kwa nani? Kesi iwe na njia yake, uchunguzi uwe na njia yake, sawa. Ila ripoti itoke yote, kwa Kiswahili, nisome nani alihesabu watu siku ile.

Mtu wa Kigamboni: Mnakwenda mbali. Njooni Magogoni saa moja asubuhi. Pantoni haijagusa ng'ambo, watu wote wameshajazana upande wa kutokea. Hilo nalo linasubiri tume?

Mleta mada: @Baharia, hoja ya wajuzi nimeipokea, kweli ni wachache. Lakini Chuo cha Bahari si kipo hapa hapa mjini? Walimu wake hawasaini vyeti vya boti. Tuanze nao, na atakayekaa kwenye timu asiwe aliyewahi kukikagua chombo hicho. Kuhusu kukamata, dada wa Mbagala amenishinda. Ripoti yote itoke.

Mama mdogo alipiga simu jioni. Bahari ilichafuka kidogo. Pacha mmoja alilala mapajani kwake mpaka bandari ya Malindi, Unguja.