Kiingereza cha ratiba na muda kazini: nianzie wapi?

karani_wa_manifesti

Wakuu, habari za leo. Niko kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar, na wateja wetu wengi sasa ni wa Uingereza na Marekani, kwa hiyo kila kitu ni barua pepe za Kiingereza. Sarufi ya shuleni ninayo. Kinachonikwamisha ni lugha ya muda: kuahirisha, kuwahisha, kuomba kuongezewa siku, kumkumbusha mtu bila kumkera, kueleza kazi imefikia wapi.

Nimepakua orodha ya maneno mia mbili, "procrastinate", "multitask", "prioritise" na wenzake. Nayakariri lakini nikikaa kuandika hayaji. Naandika vitu kama "I have delayed to answer, the documents will be ready until Wednesday, we used three days for inspection, please remember me if anything is missing." Nahisi kuna kitu hakikai sawa ila sijui ni wapi. Nina nusu saa kwa siku. Nishaurini.

SaaSita

Mkuu, hiyo orodha iweke kando kwanza. "Procrastinate" utaiandika lini kazini? Hakuna anayemwambia mteja kwamba alikuwa anajivuta. Maneno yanayobeba mzigo ofisini ni mafupi na unayajua tayari: "by", "until", "take", "spend", "due", "push", "bring". Yanakuangusha pale Kiswahili kinapoyavuta upande wake. Sentensi yako ina mitego minne ya namna hiyo.

"Until Wednesday". Sisi "hadi" inatutosha kwa yote, Kiingereza kinagawa. Jambo linalotokea mara moja likaisha linachukua "by": "The documents will be ready by Wednesday", yaani siku yoyote, mwisho Jumatano. Jambo linaloendelea kisha likakoma linachukua "until": "The office is open until 5 pm." Ukiandika "I will send the documents until Wednesday", msomaji anaelewa utakuwa unatuma nyaraka siku baada ya siku mpaka Jumatano ifike.

"We used three days". Hiyo ni "tumetumia siku tatu" iliyovaa suti. Una njia mbili: "The inspection took three days" au "We spent three days waiting for the inspection." Shika na mkia wa kila kitenzi: "It took us three days to clear it", lakini "We spent three days clearing it". Ukichanganya mikia hiyo utaeleweka, ila utaonekana mgeni.

"I have delayed". Ofisi nyingi za kwetu wanaandika hivi, na ndiyo maana halikushtui. Kwa Mwingereza "delay" kwa kawaida inahitaji kitu kilichocheleweshwa: "The vessel has been delayed." Ukiwa wewe uko njiani na kikao kimeanza, "I'm running about 15 minutes late." Ukichelewa kujibu, "Sorry for the late reply" inatosha, usiizungushe.

"Remember me". Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". "Remember me" inasikika kama maneno ya mtu anayeaga dunia. Andika "Please let me know if anything is missing."

Halafu kuna mtego wa tano ambao hukuuandika lakini utakukuta, na huu ndio unaokula hela. Kikao "kikisogezwa mbele" kwetu kimeahirishwa. "Bring forward" ni kinyume: kimewahishwa. Mteja akiandika "We've brought the inspection forward by two days", ukaisoma Kiswahili-Kiswahili, utadhani umeongezewa siku mbili kumbe umepunguziwa mbili. Kuchelewesha ni "push back", "put off" au "postpone". Mmarekani akitaka kuwahisha atasema pia "move up". Na "call off" ni kufuta kabisa, usiichanganye na "put off" kwa sababu zinafanana mkia.

Jifunze hizi kwanza. Orodha ya mia mbili itakusubiri.

mwana_wa_mvita

SaaSita kamaliza vitenzi, mimi niongeze saa na siku, maana huko ndiko watu wanapoingia mkenge wakiwa kwenye simu.

Kutoa au kuongeza sita kila mtu anajua. Shida ni kwamba ulimi hausubiri hesabu: umefikiria saa nane mchana, mdomo umeshasema "eight". Dawa si kukokotoa haraka zaidi. Soma saa ya simu yako kwa Kiingereza moja kwa moja, kama tarakimu, bila kupitia Kiswahili, na uwe na vigingi vinne ambavyo havikutoki: saa tatu asubuhi ni nine, saa sita mchana ni noon, saa tisa alasiri ni three, saa kumi na mbili jioni ni six. Nyingine zote ziko jirani na kigingi kimojawapo.

Usiandike "12 pm" wala "12 am", hata wenye lugha yao huzigombania. Andika "noon" au "midnight". Mwingereza akisema "half eight" anamaanisha saa mbili na nusu ya kwetu, yaani 8:30, si 7:30.

Usiku nao una yake. Saa mbili usiku kwao ni "8 in the evening", na "good night" ni ya kuagana tu, hukutani na mtu kwa "good night". Kwa wewe wa meli, angalia hii zaidi: "usiku wa kuamkia Ijumaa" ni "Thursday night". Ukitafsiri "Friday night" umemhamishia mteja meli siku nzima. Kama ni baada ya saa sita usiku, taja tarehe na saa: "Friday the 14th, 2 am".

Tarehe ziandikwe na jina la mwezi. 4/5 kwa Mwingereza ni tarehe nne Mei, kwa Mmarekani ni tarehe tano Aprili, na wewe una wateja wa pande zote mbili.

Kibao_cha_Maneno

Wakuu, mmeeleza vizuri ila hamjajibu la utaratibu. Apakue Anki, programu ya kadi za kukariri, aweke maneno kumi mapya kila siku. Mwezi mmoja ana mia tatu. Kwenye Android ni ya bure, iPhone unalipia.

SaaSita

Kibao, Anki sawa, kumi hapana. Kila kadi mpya inarudi tena kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Kumi kwa siku, ndani ya wiki mbili tatu nusu saa yake yote italiwa na marudio, ataruka siku mbili, akirudi anakuta rundo, anaacha. Nne au tano zinatosha.

Na kadi isiwe neno kwa neno. Ukiandika "kuahirisha" mbele na "postpone" nyuma, unajifunza kujibu mtihani. Mbele weka hali kwa Kiswahili: *Mwambie mteja ukaguzi umeahirishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi.* Nyuma weka sentensi nzima: "The inspection has been pushed back from Tuesday to Thursday." Iseme kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Ukikosea hata "from" peke yake, ihesabu umekosea.

Nusu saa yake ningeigawa hivi: dakika kumi anafungua barua za wateja wenyewe na kuchomoa sentensi moja au mbili za muda, hizo ndizo kadi za leo. Dakika kumi marudio. Zinazobaki anaandika barua moja fupi ya kweli itakayotumwa kesho. Sentensi ikitoka kwa mteja wako mwenyewe, kesho kutwa utaihitaji tena karibu vilevile.

mhamiaji_Maskati

Salaam kutoka Oman. Nyongeza fupi. Huku Ghuba ofisi nyingi zina Wahindi na utasikia "prepone", maana yake kuwahisha. Kwa Mhindi ni neno halali kabisa. Kwa mteja wa London tumia "bring forward", huenda hilo la kwanza hajawahi kulisikia.

"Biweekly" iogopeni. Wengine wanaelewa mara mbili kwa wiki, wengine kila wiki mbili. Andika "every two weeks" au "twice a week". "Fortnight" ni wiki mbili, Waingereza wanaitumia sana, Wamarekani karibu hawaitumii.

karani_wa_manifesti

Shukrani sana wakuu. Mawili bado. Mteja ameandika "by EOD Thursday", ni saa ngapi hiyo? Na nikitaka kumfuatilia mtu aliyekaa kimya, naanzaje bila kumkera?

mwana_wa_mvita

EOD ni mwisho wa siku ya kazi, ila siku ya nani? Mara nyingi ni saa kumi na moja jioni ya kwake. Kama yuko London, kwetu ni saa mbili usiku wakati wao wa baridi, saa moja usiku wakati wa kiangazi. Kama yuko New York, ni saa saba usiku au saa sita usiku, yaani kwa kalenda yako Alhamisi imeshakwisha. Usibahatishe, mjibu: "Just to confirm, is that 5 pm your time?" Na wewe ukitoa muda, malizia na "EAT", yaani saa za Afrika Mashariki.

SaaSita

La kufuatilia, panda ngazi moja moja. Mara ya kwanza: "I'm checking in on the packing list. Do you need anything from us?" Mara ya pili taja tarehe ya barua ya awali: "I'm following up on my email of 3 June." Mara ya tatu weka siku na sababu, kwa sababu mtu anasogea akiona gharama: "Could you send it by noon on Thursday, EAT? Free time on the container ends on Friday, and demurrage applies after that."

Hiyo "free time" ni ya meli, siku ambazo kontena linakaa bila kutozwa, na "demurrage" ni tozo ya kuzizidisha. Haihusiani na mapumziko.

"As per my last email" iache. Maneno yake ni ya heshima lakini ni kumsuta mtu, na wenye lugha wanaisikia hivyo hivyo. "Gentle reminder" haina ubaya mkubwa, imechakaa tu.

Kazi imefikia wapi: "on track" mambo yanakwenda kama yalivyopangwa, "ahead of schedule" mmetangulia, "behind schedule" mmebaki nyuma. Ukisema "behind", siku zifuate hapo hapo: "We're two days behind schedule because the release order came late. New ETA is Monday." ETA ni makadirio ya muda wa kufika. Ukitaka kuahidi, andika "We will deliver on Monday", na hakikisha gari lipo.