Tupeane uzoefu: kwenu kunakukumbusha kwa njia gani ukiwa mbali?

Mleta uzi
Habari zenu wakuu, saa tisa usiku hii na usingizi umegoma, nikaona bora niulize. Mimi nimekulia ufukweni kabisa, toka mlangoni mpaka kwenye maji ni dakika mbili, sasa nina mwaka wa nne milimani huku, kazi ndo ilinileta na kazi yenyewe nzuri tu. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba miaka yote ile nilikuwa nalala na mawimbi. Ukizaliwa nayo huyasikii, yanakuwa kama pumzi zako. Usiku wa kwanza huku nilishtuka usingizini nikajua kuna kitu kimezimika, nikakaa kitandani nimetega sikio, kimyaaa. Ndo nikaelewa. Nililia sana.

Mpaka leo kichwa bado kinahesabu maji. Kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, hiyo ipo kwenye damu, na nikiona mwezi mpevu dirishani najikuta nasema leo bamvua, maji yatajaa na kutoka kupita siku zote, wakati hapa nilipo maji ya karibu ni ya bombani. Watu wananiambia utazoea. Nimeshazoea baridi, nimezoea vilima, hili bado. Nyie wenzangu mnashikwa wapi?

Mdau wa 1
Pole sana ndugu yangu. Mimi nilitoka karibu na ikweta, kule mchana ni masaa 12 na kidogo mwaka mzima, nikaenda kaskazini mbali, latitudo ya 60, Disemba unapata mwanga masaa sita hivi basi. Mwaka wa kwanza nililala kupita kiasi, sili, sipokei simu za nyumbani, nikajua ni kukumbuka kwetu tu nikawa namficha kila mtu. Dada mmoja kazini ndo akanisukuma kwa daktari, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ni lile giza, ni hali inayojulikana na imeelezwa kitaalamu tangu 1984, nikapewa taa kali ya kukaa nayo asubuhi na ikanisaidia kweli. Kwa hiyo wadau, kama umehamia sehemu za hivyo na huzuni inakuja majira yaleyale kila mwaka, nenda kamwone daktari, usijisemee moyoni tu ni upweke.

Ila taa haikuondoa yote. Nimemisi jioni. Kwetu jua likizama, muda wa kuanua nguo tu kumeshakuwa giza, huku Juni jioni haiishi, unakaa unaisubiri iishe na yenyewe haiishi.

Mdau wa 2
Mimi giza lenyewe ndo nalimisi. Nimetoka shamba nakaa mjini, ghorofa ya tisa, taa mpaka mawinguni. Kilimia, kile kishada cha nyota, sijakiona mwaka mzima.

Mdau wa 3
Harufu. Baba alifariki nikiwa na mwaka wa pili huku, vibali havikukamilika sikwenda kumzika, mama akanitumia shati lake moja ambalo halijafuliwa. Nimelifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni na nalifungua mara moja tu kwa mwaka, tena kwa haraka, kwa sababu kila nikifungua inapungua. Kwenye kola kuna jasho, moshi kidogo na sabuni yake ya kunyolea. Nilisoma kwamba harufu inafika moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo za hisia na kumbukumbu kuliko vitu vya macho au masikio, na mimi naamini, kwa sababu nikinusa sipati picha yake kwanza, nasikia kama ameingia chumbani.

Mdau wa 4
Nimesoma ya shati nikasimama kidogo. Pole sana.

Kwa wale wanaoambiwa wanadeka, mjue hili jambo limeandikwa kwenye udaktari zamani mno. Mwaka 1688 kule Basel, Uswisi, Johannes Hofer aliandika tasnifu nzima ya udaktari juu yake, akaunda jina nostalgia kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza ni mwanafunzi aliyetoka Bern, hali mbaya kabisa, wakaamua kumrudisha kwao na akaanza kupata nafuu akiwa bado njiani.

Mimi lakini nilirudi na haikuwa hivyo. Baada ya miaka 11 nilikuta nyumba imeuzwa, mti wa uani umekatwa, wenzangu wote wameshahama, nikawa nimekaa kwetu nakumbuka kwetu. Nilichokuwa nakitamani ni ule mwaka, na watu waliokuwepo mwaka ule. Nikaja huku tena, na njiani nikagundua nimekumbuka kitanda changu cha huku, ikaniuma kama nimesaliti mtu.

Mleta uzi
Asanteni jamani, nimesoma zote mara mbili. Huyo wa shati, Mungu amrehemu mzee.

Juzi nilimwambia mdogo wangu anirekodie mawimbi, akaenda kuketi kwenye mchanga na simu dakika 40, hajasema neno hata moja, mwishoni tu nasikia anakohoa na kujipangusa mchanga. Nimeiwasha sasa hivi. Dakika ya 20 hivi mawimbi yanaanza kuvunjikia mbali zaidi, maji yanatoka. Nimemwomba arudi tena siku ya bamvua.