Nairobi nisipokula nyama nimefulia, asipokula mzungu anajali mazingira

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa na halishuki. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Nairobi tangu mwanzo wa 2019, na sili nyama. Sijakatazwa na daktari, sijakatazwa na dini. Sili tu.

Ijumaa ofisi ilienda kula mbuzi upande wa Kiserian. Mchango shilingi 2,500 za Kenya kila kichwa, unatuma kwa simu kabla ya Jumatano. Nikamwandikia dada anayekusanya, nikamwomba kistaarabu: mimi nitakula ugali na mboga, niruhusu nitoe nusu. Akanijibu kwenye kundi, mbele ya watu thelathini: "Wacha kuwa mkono birika bana, hiyo ni ya kila mtu." Nikatuma yote.

Tumefika, mbuzi wawili wako kwenye moto, sufuria ya tumbukiza, yaani nyama ya kuchemsha, inachemka, mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, unakatwakatwa kwenye ubao. Mimi nikaletewa ugali, kachumbari, na sukuma wiki. Kuionja sukuma, imekaangwa na mafuta ya mbuzi, ina na vipande vya nyama ndani! Namwita mhudumu, anacheka: "Hiyo ni ya kuleta ladha tu, boss." Nikala ugali na kachumbari. Shilingi 2,500, wakuu. Ya nyanya na kitunguu.

Sasa subirini. Tunaye mwenzetu mzungu, naye hali nyama. Kwake jikoni walipigiwa simu tangu asubuhi. Akaletewa maharage ya nazi, viazi vya kukaanga, parachichi lililomenywa na kupangwa vizuri. Na hakutoa hata senti, kwa sababu "mgeni hachangi". Mgeni gani? Ana mwaka wa tatu hapa. Kibali chake cha kazi na changu vimetoka dirisha moja, ila yeye anaitwa mtaalamu kutoka nje na mimi naitwa yule Mbongo.

Meza nzima ikamgeukia: hongera, wewe unajali tabianchi. Halafu wakanigeukia mimi: "Na wewe buda, ni jongo ama pesa imeisha?"

Sahani mbili hazina nyama. Moja ina msimamo, nyingine ina ugonjwa au ufukara.

Mzungu naye akanogewa, akaanza somo. Eti mifugo inatoa asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto. Sawa, hiyo takwimu ilitolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013, na ni ya dunia nzima. Lakini akanyoosha kidole kuelekea vilima vya Ngong na kusema Wamaasai wapunguze ng'ombe. Watu wakanitazama mimi, eti nimuunge mkono, kwa kuwa wote tunakula majani! Mkenya kwa wastani anakula kama kilo 15 za nyama kwa mwaka. Mmarekani anapita kilo 100. Nani apunguze? Na hao wafugaji walishapunguziwa: kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Tena Wamaasai hawa hawa walihamishwa kwa mikataba ya wakoloni Waingereza ya 1904 na 1911, wakaondolewa Bonde la Ufa, kisha hata Laikipia kwenyewe, ili walowezi wapate malisho ya ng'ombe wao. Leo ng'ombe amekuwa kosa. Nilitaka kuyasema hayo yote, ila mtu anayekula kachumbari mbele ya mbuzi wawili hasikilizwi.

Mnataka kujua kwa nini niliacha? Hakuna cha mazingira. Julai 2019 televisheni moja ilionyesha uchunguzi kuhusu nyama ya supamaketi inayowekwa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali ya kuhifadhia chakula, ili ionekane bado ni nyekundu na mbichi. Usiku ule nilikuwa na nusu kilo ya kusaga ndani ya friji, ya siku ya nne, nyekundu kama imetoka machinjioni saa hiyo. Niliitazama, nikaitupa, na hamu haijarudi. Ni kinyaa tu. Lakini ukimwambia mtu wa Nairobi kinyaa anakuona unadeka.

Na msiniambie sijui nyama. Mimi ni wa Moshi. Kwetu nyama ya Krismasi ina siasa kushinda bunge: kidari cha nani, kichwa cha nani, na baba mdogo akikosa fungu lake hamsemeshani mpaka Pasaka. Ila kwetu hata asiyekula anapewa fungu lake mkononi, aende akampe amtakaye. Hapa fungu langu lililiwa na mhasibu huku ananiuliza kama nimepima damu.

Kinachoniudhi zaidi, hao hao Jumatatu hadi Alhamisi tuko nao kwenye kibanda nyuma ya ofisi, ndengu na chapati, githeri na parachichi. Hakuna anayeulizwa kama ni mgonjwa! Na ukienda Ngara au Parklands utakuta Wahindi ambao ukoo mzima haujagusa nyama tangu enzi za kujengwa kwa reli, na mjini hapa hakuna anayewashangaa.

Haya, leo asubuhi kundi limeita tena. Ijumaa ijayo tunamuaga mhasibu, safari hii ni shilingi 3,000, na limeandikwa kwa herufi kubwa "HAKUNA NUSU". Mzungu kaweka kidole gumba. Mlioko Nairobi, nitume au nikae kimya nionekane mchawi? Na kama kuna mahali wanachoma mahindi tu, niambieni mapema.