MREJESHO: Mdogo wangu aliyemwagiwa tindikali Ujiji

Ndugu zangu, niliwauliza kama mdogo wangu aliyemwagiwa tindikali hapa Ujiji atapata fidia, au aliyemmwagia atafungwa tu basi. Ahsanteni, hasa mliosisitiza tutunze PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali ukiumizwa) na risiti za dawa.

Jamaa katiwa hatiani. Kumbe kudhuru kwa nia ya kumharibu mtu sura, kwa Kanuni ya Adhabu, adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Na fidia hakimu anaweza kuiamuru kwenye kesi hiyohiyo ya jinai, ila halazimiki, kwa hiyo tulimsihi mwendesha mashtaka aiombe. Imeamriwa.

Siku ya ushahidi mdogo wangu alishusha mtandio. Shingo haigeuki, anageuka mwili mzima. Nililia.

Hela bado hatujaiona, tunafuatilia.